Kutoka Jiwe la Nyayanga hadi Simu ya Mfukoni: Rekodi za Vifaa vya Homa Bay na Migori

Rekodi za vifaa kwa kawaida hutangazwa na wanaoviuza: kamera yenye picha ang'avu kuliko zote, simu nyembamba kuliko zote, kalamu iliyouzwa kwa wingi kuliko zote. Mtumiaji haulizwi. Safari hii tumhesabie yeye. Uwanja wetu ni kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, Homa Bay na Migori. Ni sehemu chache duniani ambako mtu anaweza kuanzia kwenye zana ya karibu miaka milioni tatu na kuishia kwenye taa ya sola inayoelea juu ya maji bila kuvuka mpaka wa kaunti moja.

Tuzo nimezigawa mimi mwenyewe, kwa hiyo asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa. Nyingine ni za heshima, na mbili ni za aibu.

Kikongwe kuliko vyote

Nyayanga ni ufuo kwenye Rasi ya Homa, Kaunti ya Homa Bay. Kuanzia mwaka 2015 timu ya wanaakiolojia iliyoongozwa na Thomas Plummer wa Queens College, New York, pamoja na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wa Smithsonian, ilichimba hapo na kutoa mawe 330 yaliyofanyiwa kazi na mifupa 1,776 ya wanyama. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mnamo Februari 2023. Umri wa mawe hayo ni kati ya miaka milioni 2.58 na milioni 3, na watafiti wenyewe wanaelekea kwenye milioni 2.9.

Ukiyaona mezani utadhani ni kokoto za ujenzi. Lakini kuna mfumo. Kuna jiwe la kugongea, kuna jiwe linalogongwa, na kuna ubapa unaochomoka pale pigo linapotua kwenye ukingo kwa pembe sahihi. Ubapa huo ndio kisu. Makali yake hupasua ngozi ya kiboko, na viboko ndio hasa waliopasuliwa pale: mabaki ya angalau watatu yalipatikana, na mifupa ya wawili kati yao ina alama za kuchinjwa. Jiwe la kugongea nalo halikuishia hapo. Lilipondea mizizi na kuvunjia mifupa ili kupata uboho. Moto haukuwa umeingia jikoni bado, kwa hiyo nyama ililainishwa kwa kupondwa.

Kinachonifurahisha zaidi katika ugunduzi huo ni meno mawili tu. Ni magego ya Paranthropus, kiumbe mwenye taya kubwa ambaye hayumo katika ukoo wetu wa moja kwa moja. Yalikuwa pamoja na mawe. Hakuna anayeweza kuapa kwamba yeye ndiye fundi, ila hatuwezi tena kujigamba kuwa sisi peke yetu ndio tuliobuni kisu.

Hapa lazima nitenganishe rekodi mbili ambazo watu huzichanganya. Zana za kale zaidi duniani bado ni zile za Lomekwi, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zilizotangazwa mwaka 2015 na zenye miaka milioni 3.3. Hizo ni kubwa na za kazi mbovumbovu. Nyayanga inashikilia rekodi ya utengenezaji ulioendelea zaidi, ule ambao wataalamu wanauita Oldowan. Kabla ya hapo rekodi hiyo ilikuwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Nyayanga, kwa zana za miaka milioni 2.6.

Muundo wenyewe ulitumika kwa zaidi ya miaka milioni moja bila mabadiliko makubwa. Mwenye kiwanda cha simu akisikia hivyo atalia.

Kilichosafiri mbali zaidi kwa miguu

Jiwe la karibu na Mlima Homa ni laini. Likigongwa linavunjika ovyo, na makali yake hayadumu. Mwezi Agosti 2025, katika jarida la Science Advances, watafiti walieleza jinsi walivyopima mawe 401 ya Nyayanga na kuyafuatilia mpaka yalikotoka. Mengi yalitoka umbali unaofika kilomita 13, kwenye mito na makorongo ya upande wa mashariki wenye mawe magumu. Mwendo huo ulifanyika angalau miaka milioni 2.6 iliyopita.

Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya jirani yao. Kanjera Kusini, kwenye rasi hiyohiyo, ilikuwa imeonyesha kwamba watu wa miaka milioni mbili iliyopita walibeba mawe mazuri kutoka zaidi ya kilomita 10. Kwa hiyo Nyayanga iliirudisha desturi hiyo nyuma kwa miaka 600,000, na ushindi ukabaki nyumbani. Hoja kubwa hapa haiko kwenye kilomita. Anayetembea mwendo huo akiwa na jiwe mkononi anajua leo kazi atakayoifanya kesho, na anajua kuwa jiwe la mlangoni kwake ni bovu. Kuchagua bidhaa kwa ubora ni tabia ya zamani sana.

Kazi kubwa iliyofanywa bila saruji

Hii inakwenda Migori, na haina mpinzani. Thimlich Ohinga ni boma la mawe lililojengwa yapata karne ya 16, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kati ya mita 1 na 3. Hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikishia, hakuna mawe yaliyochongwa kwa patasi kuwa matofali. Ukuta una ngozi mbili, ya nje na ya ndani, na katikati umejazwa mawe madogo yanayofunga yote. UNESCO ililiandikisha boma hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, kwenye mkutano wa Manama, Bahrain.

Zana? Mkono, jicho, na mtu wa pili wa kukuambia jiwe hilo haliketi vizuri.

Picha iliyokaa muda mrefu zaidi bila kufutika

Kisiwani Mfangano, katika mapango ya Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya duara ndani ya duara na miale, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inahusishwa na Watwa, wawindaji waliokaa eneo la Ziwa Victoria kabla ya Wasuba na Wajaluo kufika. Hapakuwa na brashi ya dukani wala karatasi. Ilichukuliwa rangi ya ardhi, ikapakwa mwambani, basi. Jamii za kisiwa hicho baadaye ziliyaheshimu mapango hayo kama mahali pa kuomba mvua, na heshima hiyo iliilinda michoro kuliko uzio wowote. Picha yako ya harusi ya mwaka 2009, iliyobaki kwenye simu iliyokufa, ina miaka mingapi?

Kamera iliyoleta hasara kubwa zaidi

Tuzo ya kwanza ya aibu, na kisa chake kinastahili nafasi.

Louis Leakey, mtoto wa wamishonari aliyezaliwa Kabete, alikuja Rasi ya Homa kuchimba mwaka 1932. Tarehe 29 Machi mwaka huo, huko Kanam, mmoja wa watu wake aitwaye Juma Gitau alipata kipande cha taya. Leakey alilitazama akaona kidevu cha mtu kamili, na tabaka alilodhani limetoka lilikuwa la kale mno. Kwa hesabu yake huyu alikuwa babu wa kweli wa binadamu, mzee kuliko wote waliojulikana. Kutoka Kanjera alipata pia vipande vya mafuvu. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakayakagua, na kwa sehemu kubwa wakamkubalia. Alikuwa hajatimiza miaka 30.

Profesa Percy Boswell, mwanajiolojia wa Imperial College ya London, hakuridhika. Alitaka kuliona shimo lenyewe. Leakey, kwa kujiamini, akamkaribisha. Boswell alifika Januari 1935, na hapo ndipo vifaa vya Leakey vilipomgeuka.

Leakey alikuwa ameweka vigingi vya chuma ardhini kuonyesha mahali alipochimba. Vigingi havikuwepo. Wenyeji walikuwa wameving'oa na kuvifanya vyusa vya kuvulia samaki. Alikuwa pia amepiga picha. Picha zote ziliharibika kwa sababu kamera yake ilikuwa inavujisha mwanga. Ikabaki picha moja iliyopigwa na mtu mwingine, ambayo Leakey alikuwa ameionyesha Uingereza kama ya Kanam, nayo ikaonekana kuwa ya korongo jingine kabisa. Mvua nazo zilikuwa zimekula kingo za makorongo. Wanaume wawili wasomi wakabaki wanazunguka vichakani kutafuta shimo.

Boswell alirudi Uingereza, na barua yake ikatoka katika jarida la Nature tarehe 9 Machi 1935. Jina la Leakey liliporomoka. Ilimchukua miaka mingi kulisimamisha tena, na ushindi uliomrudishia heshima kamili ulipatikana Olduvai, Tanganyika, mwaka 1959. Kuhusu taya la Kanam, wataalamu wa leo hawaamini kuwa lina umri ule alioutaja.

Tuielewe kamera ya siku zile kabla ya kuilaumu. Lilikuwa sanduku lenye filamu ndani, na usalama wa filamu ulitegemea giza kamili. Tundu la kiasi cha ncha ya sindano, au mkunjo uliopasuka, lilitosha kuiunguza filamu yote. Mpigaji hakuwa na njia ya kujua. Alibonyeza, akafunga, akasafiri, na ukweli aliukuta wiki kadhaa baadaye ndani ya chumba cha kusafishia picha. Kurudi Kanam kutoka Cambridge hakukuwa safari ya jioni.

Vigingi, kwa upande mwingine, ninavipa tuzo yao ya heshima: kifaa kilichobadilishwa kazi kwa faida kubwa zaidi. Watafiti waliviona vimeibwa. Lakini mvuvi wa miaka ya 1930 aliyekuta vyuma vizuri vimechomekwa kwenye pori, visivyofunga mbuzi wala kushikilia hema, alivipa kazi inayoeleweka. Kama kuna aliyemweleza vilikuwa vya nini, historia haikuandika.

Miaka 13 baadaye, kisiwani Rusinga, mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 2 Oktoba 1948 Mary Leakey, mke wa Louis, alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu lilikuwa vipandevipande, akaviunganisha kwa mkono, kisha akapanda ndege kwenda Uingereza akiwa amelipakata. Uwanjani London alikuta waandishi na kamera zinamngoja. Safari hiyo hakuna kamera iliyovuja.

Kalamu iliyouzwa zaidi, na iliyofanya kazi nyingi zisizo zake

Kalamu iliingia upande huu wa ziwa kwa mlango wa misheni. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista, alifika Gendia karibu na Kendu Bay akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland. Wanafunzi wa mwanzo waliandika kwenye vibao vya mawe kwa chaki, wakafuta, wakaandika tena. Daftari la siku zile halikuwa na kumbukumbu. Somo la Jumatatu lilikuwa limefutwa kabla ya Jumanne, kwa hiyo lililopaswa kubaki lilibaki kichwani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Gendia ilikuwa na mashine ndogo ya kuchapa, na maandishi ya Dholuo yakaanza kutoka palepale kijijini.

Kisha angalia mwaka 1938. Paul Mboya, chifu na mchungaji wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo ambacho hadi leo hutajwa na wasomi wanaoandika juu ya jamii hiyo. Mwaka huohuo, László Bíró, mwandishi wa habari wa Hungaria aliyechoshwa na wino unaochafua, alisajili Uingereza hataza ya kalamu yenye kijigololi. Wawili hao hawakuwahi kusikiana. Lakini watoto waliokuja kukisoma kitabu cha Mboya walisoma na kuandika kwa kalamu ya Bíró.

Iliyoeneza uvumbuzi huo ni Bic Cristal ya Ufaransa, iliyoingia sokoni Desemba 1950. Kufikia mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa bilioni 100. Hakuna kalamu inayoikaribia. Kila moja huandika zaidi ya kilomita mbili, urefu ambao mwanafunzi wa shule ya upili humaliza wakati wa mitihani bila kujua ametembea. Kwa Kenya, kampuni ya Haco ilizitengeneza Nairobi kwa miongo kadhaa kabla ya Bic yenyewe kuichukua kazi hiyo mwishoni mwa 2018. Umbo lake halijabadilika sana. Kubwa lililoongezwa ni tundu kwenye kifuniko, ili mtoto akikimeza hewa ipate njia.

Lakini rekodi ninayoithamini ni ya kazi zisizoandikwa kwenye pakiti. Pembe sita za biro zilikaa sawasawa ndani ya meno sita ya kaseti. Enzi za muziki wa benga kwenye kaseti, betri za redio zilikuwa ghali, na kurudisha wimbo nyuma kwa kubonyeza kitufe kulikuwa ubadhirifu. Kijana alichukua kaseti, akachomeka biro, akaizungusha hewani mpaka upande wa A ukarudi mwanzo. Kizazi kizima cha mashabiki wa mwanamuziki D. O. Misiani kilijifunza kuhesabu mizunguko kwa mkono. Biro iliyoisha wino haikutupwa pia: ikipulizwa ni filimbi, ikitolewa utumbo ni mrija wa kurushia mbegu kwenye shingo ya mwenzako darasani. Walimu waliziokota kwa debe.

Kifaa kilichofanikiwa haraka na kuharibu haraka

Hii ndiyo tuzo ya pili ya aibu, na inakwenda kwa wavu.

Kabla ya ukoloni, uvuvi wa ziwa hili ulikuwa wa mitego ya vikapu, uzio wa matete karibu na ufuo, vyusa, ndoano, na makokoro yaliyosukwa kwa mafunjo. Kila kimoja kilikuwa na mpaka wake. Uzio haufiki kwenye kina kirefu, na kikapu kikijaa kimejaa. Mwaka 1905 nyavu za kitani za kutega zililetwa kwenye Ghuba ya Winam. Mlengwa alikuwa ngege, samaki mtamu kuliko wote kwa ushahidi wa wazee, na mwanzoni wavu mmoja wa macho ya inchi 5 uliweza kutoa kati ya samaki 50 na 100 kwa usiku.

Mwaka 1927 na 1928 serikali ilimleta mtaalamu Michael Graham afanye uchunguzi. Aliyoyakuta yalisikitisha: katika ghuba wavu kama huo ulikuwa ukitoa chini ya samaki 10. Miaka isiyofika 25 ilikuwa imetosha. Graham alishauri macho yasipungue inchi 5, na sheria ikawekwa katika miaka ya 1930. Baadaye sharti hilo likaondolewa Kenya, wakati nailoni nayo ilikuwa inaingia. Wavu wa nailoni hauozi kwa maji, ni mwembamba, samaki hauoni vizuri, na haudai kuanikwa kila siku kama kitani. Kwa mvuvi ulikuwa ukombozi. Kwa ngege ulikuwa msumari wa mwisho, au karibu, maana katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 samaki aitwaye mbuta akatiwa ziwani, na yeye hula bila kungoja wavu. Leo ngege yule wa asili hapatikani tena katika ziwa kuu kwa kiasi cha kumtegemea, na wachuuzi wengi hulitumia jina lake kwa sato aliyeletwa kutoka nje.

Siwalaumu wavuvi. Nyavu hizo hawakuzibuni wao, na aliyezileta hakukaa kuona mwisho wake. Ila nikiulizwa ni kifaa gani cha kawaida kilichobadilisha chakula cha watu wa Homa Bay kuliko kingine chochote, sitaji jembe wala sufuria. Ni wavu. Na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zilizopigwa marufuku na bado zikiuzwa kwa siri, zinaendeleza rekodi hiyo mbaya.

Taa iliyong'aa zaidi usiku

Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu hufuata mwanga. Kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai. Mafuta ya taa hupandishwa kwa pampu, hugeuka mvuke, mvuke huwaka ndani ya kisoksi cheupe, na kisoksi hicho ndicho kinachong'aa. Teknolojia yenyewe ilikomaa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Ukisimama Mbita au Sindo katika usiku wa namna hiyo, taa za wavuvi zilitandaa mbele yako kama mji ambao asubuhi hauupati kwenye ramani.

Uzuri huo uligharimu. Mafuta ya taa yalimeza sehemu kubwa ya mapato ya usiku, kisoksi kilipasuka kwa wimbi dogo, kioo kilipasuka kwa tone la mvua, na moshi ulikuwa wa mvuvi kuuvuta. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua Mbita kituo cha kuchaji taa kwa umeme wa jua, ili mvuvi akodi taa iliyojaa jioni na kuirudisha asubuhi. Haikuwa rahisi mara moja. Wengine walidai omena hawaipendi taa mpya, na wengine hawakutaka kuweka amana. Lakini bei za taa za LED zilipoanguka, hoja ikajimaliza yenyewe. Karabai sasa inaonekana zaidi kwenye kumbukumbu na kwenye matanga ya mbali. Ni mara chache kifaa kilichotawala namna hiyo kuondoka kimya hivyo.

Kifaa chenye tamaa kuliko vyote

Hakuna ubishi hapa. Simu imemeza saa ya mkononi, redio, tochi, barua, kikokotoo, kalenda, pochi na studio ya picha, na bado ina nafasi.

Ilianza kwa unyenyekevu. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa na kamera, na bado iliuzwa zaidi ya milioni 250, ikawa simu iliyouzwa zaidi duniani. Vijijini kilichoiuza kilikuwa tochi. Mtu aliyerudi usiku kutoka gati la Mbita aliona njia kabla hajampigia mtu. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa, na mama muuza omena akaweza kumlipa mwenye mashua bila kubeba noti ndani ya matatu. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, nayo ilianzisha mfumo wa kupata bei za samaki kwa ujumbe mfupi, ili wakala asimdanganye mvuvi kuhusu bei ya mjini.

Kamera ilikuja kwa njia ndefu zaidi. Kamera ya kwanza ya kidijitali, aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilihifadhi picha kwenye kaseti, na picha moja nyeusi na nyeupe ilichukua sekunde 23 kurekodiwa. Kodak haikuona haraka ya kuiuza. Waliokuja kulipa gharama ya uamuzi huo ni pamoja na wenye studio za miji midogo kote duniani, waliokuwa na pazia la maua, kiti kimoja na mteja aliyeazima koti. Nakiri kuwa studio zile nazikumbuka kwa huba kuliko zinavyostahili. Picha zao nyingi zilikuwa za watu waliobana pumzi.

Kisichotaka kubadilika

Rudi Migori. Eneo la Macalder lilikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu wenye mashine, na ulifungwa mwaka 1966. Mashine ziliondoka, dhahabu iliyobaki haikuondoka. Wachimbaji wadogo wanaendelea mpaka leo kwa nyundo, patasi, mtaimbo, kamba na karai, huku taa ikiwa imefungwa kipajini. Vinu vya kusagia mawe vina injini sasa, lakini chini shimoni kazi ni ya mkono na jiwe, na sidhani mchongaji wa Nyayanga angehitaji mafunzo marefu.

Kinachopaswa kuondoka hakijaondoka. Zebaki hunasa chembe za dhahabu ndani ya maji, kisha hupashwa moto igeuke mvuke na kuacha dhahabu. Warumi walijua mbinu hiyo. Mvuke wake huharibu neva na figo, na mara nyingi huchomwa karibu na nyumba watoto wakiwapo. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaotaka zebaki ipunguzwe na hatimaye iachwe. Sheria ya Madini ya 2016 nayo ilimtambua mchimbaji mdogo kisheria. Kati ya vifaa vyote nilivyovitaja, zebaki peke yake ndiyo nisiyoipa tuzo ya aina yoyote.

Sasa neno kwa msomaji wa Karachuonyo, Rangwe, Suba, Nyatike na kwingineko. Mvua kubwa bado hubomoa makorongo ya Rasi ya Homa, na bado hufichua mawe na mifupa. Ukikuta jiwe lenye makali yaliyochongwa au mfupa uliogeuka jiwe, usiliokote na usimwite mnunuzi. Washa kwanza huduma ya mahali kwenye simu yako, piga picha jiwe likiwa palepale lilipo, kisha piga nyingine kwa mbali ukionyesha korongo lote. Simu itaandika tarehe na mahali, jambo ambalo kamera ya Leakey haikuweza. Halafu toa taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na urithi inakutaka ufanye hivyo, na jiwe lililong'olewa mahali pake bila rekodi halimfundishi mtu chochote kuhusu umri wake.